Bibi wa funguo na kibao cha shaba

Mpenzi msomaji, wiki hii nilishapanga tuongee habari za mawifi na ndimi zao, lakini nimeletewa ujumbe kutoka Morogoro nikaona mawifi wasubiri. Hawaendi popote, mawifi.

Msomaji huyo (jina ninalo, ameomba nisilitoe) anasema mtaani kwao yupo mzee ambaye kwa miaka 27 ndiye anayefungua nyumba ya ibada alfajiri, anafagia, anajaza maji mapipa, na ukitokea msiba ndiye anayezunguka kuwaambia watu. Halipwi hata senti. Sasa kamati imechangishana shilingi laki tatu na nusu wanataka kumuenzi. Wapo wanaosema anunuliwe saa ya ukutani yenye picha yake katikati. Wapo wanaosema suti. Mweka hazina, kama walivyo waweka hazina wote duniani, anasema apewe cheti, maana cheti ni karatasi tu. "Anti, wewe unasemaje?"

Mimi nasema ngojeni kwanza na hizo hela. Nina kisa cha bibi mmoja wa Kiyahudi.

Usishtuke. Najua wengi wetu Myahudi tunamjua kwenye Biblia na kwenye taarifa ya habari tu, na huko kwenye taarifa ya habari leo siendi. Lakini ni watu, wana nyumba zao za ibada zinazoitwa sinagogi, na hizo nyumba zina vumbi kama zetu, zina bili ya umeme, na zina kamati. Majirani zetu wa Nairobi wanalo sinagogi tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, liko pale karibu na Chuo Kikuu. Mimi huyo bibi nilimkuta London ya kaskazini, ambako mwaka 2010 hadi 2012 nilipanga chumba cha juu nyumbani kwake. Mchana nilikuwa nalea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, jioni nasoma. Kodi yake ilikuwa nafuu na sharti lake lilikuwa moja: nyama ya nguruwe isiingie jikoni kwake. Nikamwambia Bibi, mimi nimetokea Tanga, hiyo nyama hata kwetu jikoni haijawahi kuingia. Tukaelewana siku hiyo hiyo.

Nilimwita Bibi. Alikuwa na miaka 77 nilipofika, na mtu wa umri huo kumwita kwa jina lake tupu kama wafanyavyo kule, mdomo wangu ulikataa. Wenzangu wa kazini walinicheka. Yeye alifurahi.

Basi Bibi alikuwa na fungu la funguo kubwa kama la mlinzi wa gereza. Mumewe ndiye aliyekuwa shamashi wa sinagogi la mtaa ule. Shamashi ni yule mtumishi anayefungua, anapanga vitabu, anaangalia kila kitu kiwe mahali pake. Mumewe akafariki mwaka 1983. Baada ya siku thelathini za msiba mwenyekiti wa wakati huo akaja kwa adabu kuulizia funguo. Bibi akamjibu, "Nitawaletea." Mwaka 2011 bado walikuwa wanasubiri aziletee.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yake ya vita. Sabato ya Wayahudi inaanza Ijumaa jua likizama, na ikishaingia, wale wanaoshika sheria hawawashi moto, hawawashi swichi, hawapiki, hawapigi simu, hawaandiki, hawaendeshi gari. Kwa hiyo kila kitu kiwe tayari kabla. Kwetu huku karibu na ikweta mtu asingepata taabu, jua letu lina nidhamu, saa kumi na mbili na ushei linakwenda zake mwaka mzima. London sivyo. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, watu hawajatoka hata kazini! Juni linazama saa tatu usiku na zaidi. Bibi alikuwa na jedwali la saa hizo limebandikwa kwenye friji, anakimbizana nalo kila wiki. Mtungi wa umeme wa maji ya chai auwashe mapema ukae umewaka mpaka Jumamosi. Taa zipi ziachwe, zipi zizimwe. Kisha sufuria kubwa la maharage, shayiri, viazi na nyama liwekwe kwenye moto mdogo usiku kucha, maana kesho hakuna kupika. Mara ya kwanza kuonja nilisema, Bibi, haya ni makande! Ni makande ya Kipare yaliyotiwa nyama, hakuna tofauti. Akataka nimwelekeze ya kwetu, tukayapika Jumapili, akasema yanahitaji vitunguu zaidi. Mbishi huyo.

Na vile vibonge vya samaki wa kusagwa wanavyokaanga! Ukifumba macho unaweza kudhani uko Forodhani unakula kababu, isipokuwa pilipili hawaijui. Vilikuwa vinaliwa Jumamosi baada ya sala, pamoja na glasi ndogo ya divai au wiski, na wazee wa kiume wakishapata ile glasi walikuwa wanamsifu Bibi mpaka aibu. "Bila wewe tungekuwa wapi!" Halafu wanaondoka, Bibi anabaki anakusanya sahani. Mimi nilikuwa nikiwaangalia tu. Maneno ya namna hiyo hata huku yapo tele, hasa kwenye maziko.

Sasa kuna jambo la hesabu. Kwa Wayahudi sala kamili ya pamoja inataka watu wazima kumi. Wakiwa tisa, sehemu kubwa ya sala inarukwa, na hasa ile inayoitwa Kadishi, ambayo mtu huisema kwa ajili ya mzazi wake aliyefariki, kila siku, miezi kumi na mmoja. Hebu fikiria: umefiwa na baba, umejidamka alfajiri kwenye baridi uje umwombee, unakuta watu tisa. Unarudi nyumbani hukumsemea baba yako neno. Katika sinagogi dogo ambalo vijana wamehamia mitaa ya mbali, wa kumi ni mtu wa kutafutwa kama daladala ya usiku. Na kuhesabu kwenyewe wana miiko, hawapendi kumnyooshea mtu kidole wakasema moja, mbili, tatu. Wanatumia aya moja ya Zaburi ambayo kwa Kiebrania ina maneno kumi, kila mtu anapata neno lake. Aya ikiisha, watu wametimia. Hata kwetu wapo wazee wasiotaka watoto wao wahesabiwe, kwa hiyo hili halikunishangaza.

Desemba 2010 ilianguka theluji London mpaka ndege zikashindwa kuruka. Asubuhi moja siku hizo nilikuwa nakunywa chai kabla ya zamu, nikamwona Bibi anavaa koti juu ya gauni la kulalia. Amepigiwa simu: wapo tisa, na kuna kijana ana msiba wa baba yake. Nikamwambia Bibi utateleza. Hakunisikia hata. Nikamfuata na mwavuli. Alikwenda moja kwa moja kwa daktari wa meno nyumba ya nne, akagonga kama polisi. Daktari akafungua na mswaki mdomoni. Bibi hakumsalimia. "Tisa," akasema. Yule bwana na shahada zake zote akavaa viatu bila soksi akatoka.

Wakati tunarudi nikamuuliza lililonikaa kooni. Bibi, wewe ulikuwa umeshasimama mlangoni pa sinagogi, ni mtu mzima, sala unazijua kwa moyo. Kwa nini wewe usiwe wa kumi? Akaniambia katika sinagogi lao, ambalo ni la madhehebu ya kale, wanawake hawahesabiwi katika wale kumi, ingawa yapo masinagogi ya madhehebu mengine ambako wanahesabiwa. "Mwanangu, mimi si wa kumi," akasema. "Mimi ndiye ninayemtoa wa kumi kitandani."

Sikukubaliana naye siku ile na hata leo sikubaliani. Lakini alilisema bila uchungu, na mimi nilikuwa mpangaji, nikanyamaza. Baadaye mwezi huo huo wa Desemba, kwenye sikukuu yao ya taa iliyokuwa imepita siku chache tu, nilikumbuka kitu. Wanawasha mishumaa minane kwa siku nane, lakini kinara kina matundu tisa. Ule wa tisa ndio unaotumika kuwasha mingine, wenyewe hauhesabiwi. Na unaitwaje? Shamashi.

Kazi ya Bibi iliyokuwa nzito zaidi niliijua baada ya miezi mingi, kwa sababu haisemwi. Simu ilikuwa inalia, anasema "ndiyo" mara mbili, anavaa viatu vya raba, anatoka. Anarudi baada ya saa tatu, nne, haongei, anakaa jikoni na chai mpaka ipoe. Nikadhani ana mgonjwa. Siku moja nikaona mikono yake imekunjamana kama ya mfua nguo, nikamwambia, Bibi, wewe unaosha maiti.

Akageuka. "Umejuaje?"

Nimejua kwa sababu nimekulia kwa shangazi yangu Tanga, naye ni muosha maiti wa mtaa mzima wa wanawake. Chai ile, ukimya ule, mikono ile, nimeiona tangu mtoto.

Usiku huo tuliongea mpaka saa saba. Nilimwelekeza Bibi josho letu, naye akaniambia la kwao, na nakwambia msomaji, tulikuwa kama mafundi wawili wa cherehani wanaolinganisha mishono. Wanawake wanaosha wanawake, wanaume wanaosha wanaume, kama sisi. Mwili haufunuliwi wote, kama sisi. Maji yanamiminwa ndoo kwa ndoo bila mkondo kukatika. Sanda ni nguo nyeupe za kitani, hazina mifuko. Na mwishoni wanamwomba marehemu msamaha kama kuna mahali wamemkosea heshima katika kumshika. Hilo la msamaha lilinifanya ninyamaze kidogo.

Tena sanda ile ina historia ambayo ingewafaa watu wa Dar wanaokopa saccos ili wazike. Zamani sana, karibu miaka 1,900 iliyopita, mazishi ya Wayahudi yalikuwa yamekuwa ya gharama mno, mpaka ikawa ndugu wengine wanaiacha maiti wanakimbia. Ndipo mkuu wao mmoja mwenye cheo kikubwa, Rabani Gamalieli, akausia yeye mwenyewe azikwe kwa kitani cha bei rahisi. Mkuu akizikwa hivyo, nani atajidai? Tangu hapo tajiri na maskini wanavaa namna moja. Sisi huku mkuu akifa tunachapisha fulana.

Chama cha hao waoshaji kinaitwa Hevra Kadisha, yaani chama kitakatifu, na ni cha siku nyingi. Cha mji wa Prague kilianzishwa mwaka 1564, na picha zilizochorwa kwa rangi katika karne ya 18 kuonyesha wanachama wake wakifanya kazi yao, kuanzia kitandani kwa mgonjwa hadi makaburini, ziko katika jumba la makumbusho la Kiyahudi la mji huo mpaka leo. Wana siku yao moja kwa mwaka, tarehe saba ya mwezi wa Adari, ambayo kwa mapokeo yao ndiyo siku aliyokufa Musa. Mchana wanafunga, jioni wanakula karamu pamoja. Hiyo ndiyo shukrani yao. Huduma hiyo wanaiita wema wa kweli, kwa sababu uliyemtendea hawezi kukurudishia, hawezi hata kukwambia asante.

Lakini kwenye mtaa wa Bibi chama cha wanawake kilikuwa kimebaki na watu wanne. Kijana wao alikuwa na miaka 66. Yeye Bibi mgongo ulikuwa umeanza kukataa, kuna siku alirudi nikamkanda na mafuta ya karafuu niliyotumiwa kutoka Pemba. Akaniuliza, akiwa amelala kifudifudi, huku nikimkanda: "Sasa mimi nani ataniosha?"

Sikuwa na jibu. Nikaendelea kukanda.

Ndipo ikaja kamati. Mwezi wa nane 2011, mabwana wawili na mama mmoja, wamevaa vizuri, wakaletewa keki na chai. Walikuwa na habari njema. Ni hivi: Wayahudi wanasoma Torati nzima, vitabu vitano vya Musa, kwa mwaka mmoja, kipande kila wiki. Mwisho wa sikukuu za vuli, Septemba au Oktoba, wanamaliza, na siku hiyo hiyo wanaanza tena mwanzo bila kupumua. Inaitwa Simhati Tora, furaha ya Torati. Anayeitwa kusimama wakati inasomwa sehemu ya mwisho anaitwa Bwana Harusi wa Torati, na anayeitwa mwanzo ni Bwana Harusi wa Mwanzo. Ni heshima kubwa, sehemu nyingi wanapewa watu waliojitolea kwa jumuiya. Kwa wanawake, masinagogi kadhaa ya namna yao wameweka heshima yao inayotokana na Mithali 31, pale pa mwanamke hodari. Kamati ilitaka Bibi awe ndiye. Wataandaa chakula cha jioni, hotuba, na kibao cha shaba chenye jina lake kitapigiliwa ukutani karibu na mlango.

Bibi akawasikiliza mpaka mwisho. Akawaongezea keki. Kisha akasema hapana.

Loo! Yule mama wa kamati alishindwa kumeza. Mwenyekiti akadhani ni unyenyekevu, akaanza kumbembeleza kwa zile sifa za Jumamosi. Bibi akamkatiza. Alisema, nami nilikuwa hapo mlangoni na trei nimesikia kwa masikio yangu, kwamba mkishapigilia hicho kibao mtaona tumemalizana. Kila mkipita mtakiangalia mtasema, si tulishamshukuru? "Sitaki kibao. Nataka watu wawili wa kuosha, chini ya miaka hamsini. Na mtu mmoja wa funguo. Mkiwapata, nitakaa kwenye kiti chenu na nitasikiliza hotuba zote, hata yako."

Msomaji wa Morogoro, hapo ndipo ninapotaka usimame. Kabla hamjaenda dukani kununua saa, mmeshamuuliza mzee mwenyewe anataka nini? Yawezekana anataka saa, wapo wanaopenda saa. Lakini yawezekana goti linamuuma na anachotaka ni kijana wa kubeba ndoo siku za Jumatatu na Alhamisi. Au anataka mtu mwingine ajue bomba kuu linafungwa wapi. Laki tatu na nusu inaweza kumtengenezea mzee baiskeli na ikabaki. Na cheti cha mweka hazina kama lazima kiwepo, basi kiwepo, hakiozi.

Nirudi London. Kamati iliondoka imenuna. Nilimwambia Bibi umewavunjia heshima, wamekuja kwa nia njema, kwetu mtu akija na zawadi unapokea kwa mikono miwili hata kama ni kuku mgonjwa. Akasema hata kwao ni hivyo, ndiyo maana hakuwarudishia zawadi, aliwatajia nyingine. Bishana na mtu wa namna hiyo.

Siku zile nilimsimulia pia habari za Wayahudi wa Uganda, nikidhani nitamtoa mawazo. Alikuwa hawajui vizuri. Nikamwambia juu ya Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda ambaye mwaka 1919, kule Mbale, aliisoma Biblia kwa namna yake akatangaza kwamba yeye na watu wake wanafuata dini ya Musa. Nikamwambia namna Idi Amin alivyoipiga marufuku dini yao, masinagogi yakafungwa, inasemekana walikuwa kama 3,000 wakabaki mia chache, wanasali kwa kujificha majumbani. Bibi akauliza swali la Bibi: "Na vitabu alitunza nani?" Nikasema wazee. Akatikisa kichwa kama anayewafahamu.

Halafu nikamwambia mjomba wangu alipigana vita vya Kagera na aliingia Kampala na jeshi letu. Akauliza tarehe. Nikamwambia mji ulianguka tarehe 11 Aprili 1979. Bibi akainuka, akatoa kabatini kitabu cha kalenda ya miaka mia cha marehemu mumewe, akavaa miwani, akapekua. Akaweka kidole. Jioni ya tarehe 11 Aprili mwaka huo ndiyo ilikuwa jioni ya Pasaka ya Wayahudi, usiku ambao wanasimulia kutoka kwao utumwani Misri. Akakaa. Nami nikakaa. Mjomba wangu mpaka anafariki hakuijua habari hiyo, alichokuwa anasimulia yeye ni viatu vyake vilivyopasuka Masaka. Baadaye vijana wa kule Mbale waliinua tena jumuiya yao, na mmoja wao, Gershom Sizomu, mwaka 2008 alihitimu urabi Marekani akarudi nyumbani. Bibi alitaka kujua kama kule wanaosha kwa maji ya mvua au ya mto. Sikujua, nikamwambia nitauliza.

Ikafika Oktoba. Nilikwenda, nikakaa na wanawake juu. Msomaji, kama unadhani Wayahudi ni watu wa kununa, nenda siku ya Simhati Tora. Wanatoa hati zote za Torati kwenye kabati, zile gombo kubwa za ngozi zilizovishwa mahameli, wanazibeba kifuani kama watoto na kucheza nazo kuzunguka sinagogi mara saba. Watoto wanarushiwa peremende. Yule daktari wa meno alikuwa anacheza na gombo huku jasho linamtiririka, safari hii ana soksi. Kisha wanatulia, wanasoma mwisho wa Kumbukumbu la Torati, Musa anakufa mlimani, watu hawajakaa sawa inafunguliwa Mwanzo.

Kiti cha Bibi kilikuwa kimepambwa maua, lakini hakukikalia. Mwenyekiti alisimama akasema kwa haki kabisa, wala hakuzunguka, kwamba sharti la Bibi wamelitimiza nusu. Mtu wa funguo amepatikana, mwalimu wa shule mwenye miaka 34. Muosha amepatikana mmoja tu, siyo wawili, na jina lake halitatajwa kama ilivyo desturi. Watu wakageuza shingo kule juu kumtazama Bibi. Akasimama. Akasema basi na yeye atawapa nusu: hotuba atasikiliza, ila kiti hakai, atasimama. Na alisimama, dakika ishirini nzima na mgongo ule, mpaka mwenyekiti akaona aibu akafupisha. Kibao cha shaba hakikupigiliwa.

Watu walicheka, lakini yule mama wa kamati alikuwa analia. Baadaye nilisikia alijiunga mwenyewe, akawa wa pili. Alikuwa na miaka 58. Bibi alimkubali, ingawa alisema miaka kaizidisha.

Nilirudi nyumbani mwaka 2012. Bibi alinifundishia hao wawili kwa karibu miaka mitatu, ananisimulia kwenye simu bila kutaja majina: "yule mrefu ana mkono mwepesi, yule wa kamati anaongea sana." Funguo alimpa mwalimu, lakini nakala moja alibaki nayo mfukoni, mwalimu hakujua. Alifariki Februari 2015, alfajiri ya Jumanne, na siku hiyo hiyo mwalimu ndiye aliyenipigia. Kwao maiti haikai, wanazika haraka kama Waislamu. Shangazi yangu nilipomwambia aliuliza jambo moja tu, nani kamwosha. Nikamwambia wale aliowafundisha, na shangazi akasema, "Alhamdulillahi," akaendelea kuchambua mchele.

Binti yake alikuja kutoka mji mwingine akitaka Kadishi isemwe kila siku kwa wiki nzima nyumbani, na bila kumi haisemwi. Mwalimu alikuta ile karatasi ya Bibi ya namba za simu ndani ya mlango wa kabati la jikoni, juu ya ile kalenda ya miaka mia. Jioni ya kwanza walifika kumi na saba. Siku ya nne, mvua inanyesha, walikuwa tisa, mwalimu akatoka kwenda kumgongea daktari wa meno, akamkuta yuko njiani tayari.

Karatasi hiyo bado anaitumia. Ameniambia namba sita amezikata kwa kalamu, tano ameziongeza.